Skrini za viwanja: usalama wa watu upite matangazo ya biashara

Tarehe 29 Oktoba 2022, watu 11 walipoteza maisha katika msongamano kwenye uwanja wa Stade des Martyrs mjini Kinshasa, wakati wa onyesho la muziki. Tarehe 27 Julai 2024, kwenye uwanja huohuo, watu wasiopungua 7 walikufa katika onyesho la nyimbo za injili. Viongozi wa michezo wanapaswa kukumbuka misiba hiyo kila mara muuzaji anapowaletea skrini mpya za uwanja.

Skrini hizo haziuzwi tena peke yake. Huja na programu ambayo mtu mmoja, akiwa katika chumba kimoja, anaongoza nayo skrini zote: ile kubwa inayoonyesha matokeo, mabango yanayozunguka uwanja, na zile ndogo za milangoni na kwenye ngazi. Programu za siku hizi zinaweza kubadilisha tangazo kwenye skrini zote kwa sekunde ileile bao linapofungwa, kurudia bao hilo papo hapo, na kumwandikia mfanyabiashara ripoti ya mara ngapi tangazo lake limepita. Kwenye Kombe la Dunia la 2022 huko Qatar, mashabiki walionyeshwa kwenye skrini kubwa picha za kompyuta zilizoeleza kwa nini mchezaji alikuwa ameotea.

Hayo yote ni mazuri. Vilabu vyetu vina shida ya fedha, na mabango yanayolipiwa vizuri yanaweza kusaidia kulipa mishahara ya wachezaji. Lakini kuna kazi nyingine ambayo programu hizo zinaifanya, na wanunuzi wengi huisahau kwa sababu haiingizi hata franka moja: tangazo la dharura.

Kazi hiyo ni rahisi kuieleza. Ujumbe unaandikwa mapema na kuhifadhiwa. Hatari ikitokea, msimamizi anabonyeza mara moja, matangazo yote ya biashara yanakatwa, na kila skrini inaonyesha njia ya kutokea iliyo karibu nayo. Ya mlango wa kaskazini inaweza kusema “simameni hapo” wakati ya mashariki inasema “piteni huku”. Mfumo unaweza pia kuunganishwa na kengele ya moto ili uanze wenyewe.

Umuhimu wake ulionekana Yaoundé, tarehe 24 Januari 2022. Watu 8 walikufa nje ya uwanja wa Olembé kabla ya mechi ya Kameruni na Komoro kwenye Kombe la Afrika. Raisi wa CAF, Patrice Motsepe, alisema kwamba mlango uliopaswa kuwa wazi ulikuwa umefungwa. Watu waliokuwa nyuma wanaendelea kusukuma kwa sababu hawaoni kinachotokea mbele. Skrini iliyo juu ya vichwa vyao inaweza kuwaambia.

Ni kweli kwamba skrini haifungui kufuli wala haizuii tiketi kuuzwa kupita idadi ya viti. Bila askari polisi waliofundishwa, milango iliyo wazi na msimamizi mwenye ruhusa ya kubonyeza bila kungoja simu ya mkubwa, mtambo wa bei kali utabaki pambo. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuuliza maswali kabla ya kulipa.

Swali la kwanza ni la lugha. Lubumbashi, Goma, Bukavu au Kindu, ujumbe wa hatari ulioandikwa kwa Kifaransa pekee utawapita watu wengi. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa na Katiba, na programu hizi hazina shida ya kuandika “Tokeni kwa mlango wa 4, msikimbie”. Wale wasiojua kusoma wawekewe mishale na picha, pamoja na sauti kwenye vipaza sauti.

Swali la pili ni la umeme. Wakaaji wa mashariki hawahitaji kuelezwa maana ya giza la ghafula. Mfumo unaotegemea intaneti na umeme wa SNEL peke yake utazimika saa ileile unapohitajiwa. Ujumbe wa dharura lazima uhifadhiwe ndani ya vifaa vya uwanjani, na vifaa hivyo viwe na betri zake pamoja na jenereta inayowaka kweli.

Wizara ya Michezo, serikali za majimbo na FECOFA wanaweza kuyaandika masharti haya katika kila zabuni ya kujenga au kukarabati uwanja. Gharama ya kuongeza masharti hayo mwanzoni ni ndogo kuliko ya kurekebisha baadaye, na haiwezi kulinganishwa na ya kuzika.

Na kabla ya kutia sahihi, wafanye jaribio moja mbele ya muuzaji. Wakate umeme. Wakate intaneti. Kisha wamwombe aonyeshe, kwa Kiswahili, mlango wa kutokea uko wapi. Akishindwa, arudi na skrini zake.