Nanolita si nanomita ya ujazo!

Jamani wenzangu tunaoandika programu, nimekutana tena na kikokotoo kinachogeuza lita kuwa nanomita za ujazo kwa kuzidisha mara bilioni. Ati pakiti ya maziwa ya nusu lita ni milioni 500! Hapo anaenea bakteria mmoja mdogo, basi. Bilioni hiyo ni ya nanolita. Ujazo una urefu, upana na kimo, kwa hivyo mita ya ujazo ni bilioni × bilioni × bilioni, yaani 10²⁷. Lita ni 10²⁴. Kosa la mara 10¹⁵, na mtu wa maabara ameshaamini skrini! Halafu mnahifadhi jibu kwenye nambari kamili ya biti 64, ambayo hata bila hasi hukomea karibu 1.8 × 10¹⁹. Rekebisheni leo.