Hamsini kwa mia si thumuni

Katika makala yako umevieleza vizuri vipimo vya gorogoro na debe, lakini huku kwetu Kajiado kipimo kinachotutoa jasho ni cha ardhi. Kuanzia Kitengela hadi Kimana ploti hutangazwa "hamsini kwa mia", yaani futi, na dalali huapa kwamba hiyo ni thumuni ya ekari. Wapi! Ekari ina futi za mraba 43,560. Thumuni yake ni 5,445, na hamsini kwa mia ni 5,000 tu. Kisha anakuja mpima ardhi na mita zake, anakata 15 kwa 30, na hati miliki inatoka imeandikwa hektari 0.045. Hizo ni mita za mraba 450, ilhali thumuni kamili ni karibu 506. Nilipopokea yangu nilidhani karani amekosea nukta. Mzee jirani, ambaye shamba lake hulipima kwa hatua za miguu, alinicheka hadi akakohoa. Ukija kununua, beba tepu, zidisha futi kwa 0.3048, ndipo muanze kuongea bei.