MWANDISHI WA VITABU VYA MASHINE, ULIZA KABLA HUJATIA SAHIHI

Ndugu wafanyakazi,

Yako maneno tunayoyasikia kila siku: ati mtu anayeomba kazi aketi kimya, ajibu anayoulizwa, aseme asante, aende zake. Twasema maneno hayo ni ya kitumwa. Mwenye kuuza mbuzi sokoni hutaka kujua pesa ziko wapi kabla hajaiachia kamba. Iweje mtu anayeuza nguvu zake na akili zake asiulize neno?

Leo twasema juu ya vijana wetu wanaotafuta kazi ya kuandika vitabu vya mashine. Wengine watauliza, jambo hili lawahusu nini watu wa reli? Latuhusu sana. Vijana hawa huajiriwa ili waandike maelekezo: mashine hii huwashwa hivi, huzimwa hivi, hutengenezwa hivi. Wao huandika wakiwa ofisini, sisi husoma tukiwa chini ya behewa. Kitabu kikikosewa, anayeumia si mwenye kalamu. Ni fundi mwenye spana.

Tutoe mfano wa kazi yetu. Kati ya behewa na behewa kuna mpira wa hewa ya breki. Kabla ya kuuachanisha, sharti koki za pande zote mbili zifungwe. Mwandishi akiuacha mstari huo mmoja, na msomaji ni mgeni wa kazi, hewa iliyobanwa huurusha mpira kama mjeledi, na shunta aliyeinama hupigwa usoni. Mstari mmoja tu!

Mfano mwingine ni wa reli ya mbali, huko Kanada. Tarehe 6 Julai 2013, treni yenye mabehewa 72 ya mafuta, iliyoachwa usiku bila mtu, iliteremka mlima yenyewe mpaka mji wa Lac-Mégantic. Ikaanguka, ikawaka moto, watu 47 wakafa. Wachunguzi waliona kwamba breki za mkono zilizofungwa hazikutosha, na hewa iliyosaidia kuishika treni ilivuja baada ya injini kuzimwa. Tena waliona kwamba kampuni haikuwafundisha wala kuwasimamia watu wake vya kutosha, wapate kuzielewa na kuzifuata kanuni za kufunga treni. Kanuni zilikuwako. Lakini kanuni isiyoeleweka na msomaji haizuii gurudumu.

Basi wewe kijana, mabwana wakisha kukuuliza maswali yao, nawe fungua kinywa uulize haya:

1. Je, nitaiona mashine yenyewe, na nitapewa siku za kukaa na mafundi wanaoitumia? Wakikuambia picha zatosha, jua kwamba wanataka karani wa kunakili.

2. Nani atakisoma kitabu kabla hakijapigwa chapa? Meneja peke yake, au na fundi pia? Je, yuko mfanyakazi atakayefuata maneno yangu hatua kwa hatua mbele ya mashine, tuone kama yanakwenda sawa?

3. Kitaandikwa kwa lugha gani? Katiba ya mwaka 2010 yasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Siku hizi wako matajiri wanaoiachia kompyuta kazi ya kutunga na kutafsiri, kisha humpa mtu karatasi atie sahihi tu. Uliza: nitapewa muda wa kuhakikisha kila neno, au nitaazima jina langu?

4. Kosa likionekana baada ya kitabu kutoka, nani hulisahihisha, na habari humfikiaje fundi aliye mbali? Nikisema maneno haya ni ya hatari, yasitoke, nitasikilizwa au nitafukuzwa?

5. Mkataba wangu ukoje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe, na kuuandika ni juu ya mwajiri. Yataka muda wa majaribio usipite miezi 6, wala usiongezwe bila wewe kukubali. Yampa mfanyakazi siku 21 za kazi za likizo yenye mshahara kila baada ya miezi 12. Uliza saa za kazi ni ngapi, na ovataimu italipwaje. Uliza kama utalipwa kwa mwezi au kwa ukurasa. Maana anayelipwa kwa ukurasa hushawishika kuongeza maneno, na anayekimbizwa huruka mstari wa koki.

6. Je, wafanyakazi wa hapa wana chama? Usidhani tai shingoni imekutoa katika jamaa ya wafanyakazi. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya kuingia katika chama, mwenye kalamu sawa na mwenye nyundo.

Tunajua jibu la wengi: kazi ni haba, nikiuliza watamchukua mwingine. Hatumcheki mtu mwenye njaa, maana njaa tunaijua. Lakini kuuliza si kutukana. Uliza kwa adabu, majibu yaandike kwenye karatasi mbele yao, na mkataba usome mpaka mwisho kabla hujaiacha kazi uliyo nayo. Tajiri anayekasirikia swali la upole siku ya kwanza, utamwambia nini siku ya hatari? Na kama shida imekulazimisha kukubali, kubali macho yako yakiwa wazi, ingia chama, utuletee majibu hayo tuyajue.

Nasi tusilaumu vijana peke yao. Ni mara ngapi tumekiona kitabu chenye kosa, tukacheka, tukafanya kazi kwa mazoea, tukakaa kimya? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atupe habari, mafunzo na usimamizi wa kutulinda. Inatutaka na sisi tumwarifu msimamizi tukiona hatari kubwa.

Kwa hiyo twadai mambo mawili. Kitabu chochote cha mashine kisiingie karakana kabla mafundi wa karakana hawajakisoma na kukijaribu. Na kila tawi liwe na daftari la makosa ya vitabu, lisomwe mbele ya wakubwa kila mwezi.

Kuuliza si ujinga, ndugu zetu. Ujinga ni kutia sahihi gizani, kisha mwenzako akalipa kwa mkono wake.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wafanyakazi wa karakana ya reli.