Roketi Iliyochorwa na Maseneta

Machi 2022, Mkaguzi Mkuu wa NASA, Paul Martin, aliwaambia wabunge wa Marekani peupe kwamba kila safari kati ya nne za mwanzo za Artemis, mpango wa kurejesha wanaanga Mwezini, ingegharimu dola bilioni 4.1. Roketi peke yake, SLS, inameza bilioni 2.2 ya fedha hizo, na ikisharuka mara moja basi, imekwisha. Wabunge wakasikiliza, wakashukuru, wakaendelea kumwaga fedha.

Tusidanganywe kwamba Mwezi ndio ghali. Uovu huu ulianzia kwenye karatasi. Mwaka 2010, Barack Obama alipotaka kuufuta mpango wa Constellation, uliotangulia Artemis, maseneta wakiongozwa na Bill Nelson wa Florida na Kay Bailey Hutchison wa Texas walipitisha sheria ya kuiagiza NASA ijenge roketi ya mizigo mizito, iwe tayari mwisho wa 2016, tena itumie kadiri iwezekanavyo mikataba, wafanyakazi na vifaa vilivyobaki vya Shuttle, vyombo vya anga vya NASA vya wakati huo. Kifungu hicho cha mwisho ndicho kilichoiua hesabu. Mhandisi huuliza kwanza mzigo ni kiasi gani na unakwenda wapi, ndipo achague injini. Hawa walianza na viwanda vya Alabama, Louisiana, Mississippi na Utah, kisha wakaamuru itafutwe roketi itakayovilisha. Mcheza kwao hutunzwa: mwaka 2021 Nelson akakabidhiwa NASA yote aiongoze, huku roketi yake ikiwa bado haijanyanyuka hata mita moja.

Tazama injini zenyewe, RS-25 za Shuttle. Zilibuniwa ziruke, zirudi, zisafishwe, ziruke tena, na zilifanya hivyo kwa miaka 30. SLS inafunga nne, inaziwasha kwa dakika nane, kisha inazitupa baharini. Zilizorithiwa zilikuwa 16 tu, kwa hiyo 2020 NASA ikaagiza nyingine 18 kwa dola bilioni 1.79. Karibu dola milioni 100 kwa injini moja, ikazame!

Na kwa gharama hiyo inabeba nini? Hapa ndipo damu inanichemka. Kwa nguvu ya kuondokea ardhini, SLS inaipita Saturn V, roketi ya Apollo ya 1967, kwa karibu asilimia 15. Lakini mzigo inaoweza kuutuma Mwezini ni tani 27 hivi, wakati Saturn V ilipeleka zaidi ya tani 40: chombo cha wanaanga na chombo cha kutua, vyote kwa mkupuo mmoja. Sababu ni kipande cha juu, kilichoazimwa kutoka roketi ya Delta IV, chenye injini moja ndogo, kikaitwa cha muda. Orion, chombo cha wanaanga, ikishapanda hapo, nafasi imekwisha. Chombo cha kutua kitafute usafiri mwingine. Zaidi ya miaka hamsini baada ya Apollo, wanajisifia roketi ya Mwezini isiyoweza kubeba kifaa cha kutua Mwezini.

Najua nitakachojibiwa: mbona iliruka? Iliruka, Novemba 16, 2022, saa 7:47 usiku kwa saa za Florida, na Orion ikauzunguka Mwezi ikarudi salama Desemba 11. Mafundi walioiunda nawavulia kofia. Lakini kumbuka usiku ule: haidrojeni ilianza kuvuja kwenye vali, ikabidi watu watatu waingie ndani ya jukwaa la kurushia, roketi ikiwa imejaa mafuta juu ya vichwa vyao, wakakaze nati kwa mikono. Uvujaji wa haidrojeni ulikuwa umeahirisha safari Septemba 3, na mwaka 1990 uliwahi kuviweka vyombo vya Shuttle chini kwa miezi. Walirithi injini, wakarithi na maradhi yake.

Starship, roketi ya SpaceX, kampuni ya Elon Musk, nayo si malaika. Ilisambaratika angani Januari 2025, ikarudia Machi. Tofauti iko kwenye mkataba. Mwaka 2021 NASA iliwapa SpaceX dola bilioni 2.9 za chombo cha kutua kinachotokana na Starship kwa bei isiyopanda, hasara ikitokea ni yao. Wakandarasi wa SLS hurudishiwa gharama zao, kisha hulipwa faida juu yake. Nani atafanya haraka hapo?

Mei 2025 Ikulu ya Marekani ilipendekeza SLS istaafishwe baada ya safari ya tatu. Julai, Bunge likaiwekea dola bilioni 4.1 nyingine kisheria, kwa safari ya nne na ya tano. Aliyekipigania kifungu hicho ni Ted Cruz wa Texas, anayekalia kiti kilekile cha Hutchison. Kama ni Mwezi wanaoutaka kweli, watangaze zabuni ya tani zinazofika huko kwa bei isiyobadilika, ashindane yeyote. Hawatathubutu, maana zabuni ya namna hiyo Alabama yaweza kuikosa.