Mayai ya kanga hayajatelekezwa

Likizo inapowapeleka watoto kijijini, wengi wao humwona kanga kwa mara ya kwanza. Si vigumu kumtambua. Manyoya yake ni ya kijivu cheusi yenye madoa meupe, yale ambayo masimulizi ya pwani husema ndiyo yaliyolipa jina vazi la kanga. Uso na shingo havina manyoya, ngozi yake ni ya buluu, na utosini ana kipembe cha mfupa.

Kanga hutembea kwa makundi wakichakura mbegu, wadudu na kupe. Wakishtuka hukimbia kwanza, huruka wakibanwa. Usiku hulala juu ya mti, lakini hutaga chini, kwenye kishimo kilichofichwa na nyasi.

Hapo ndipo mtoto anapohitaji kuelekezwa. Jike hutaga yai moja moja kwa siku kadhaa, wala haanzi kuatamia mpaka yatimie, mara nyingi 6 hadi 12. Kwa hiyo mtoto anaweza kukuta mayai ya baridi, mama hayupo, akadhani ni ya kuokota. Akiyabeba, vifaranga wote wa kiota hicho wamepotea.

Akishaanza kuatamia, jike hukaa siku 26 hadi 28. Vifaranga wakitoka, dume naye husaidia kuwalea.

Mzazi, mwambie mwanao mapema: ukiona mayai kwenye nyasi, usiyaguse. Rudi taratibu ulikotoka, ukiangalia unapokanyaga. Jioni mtasimama pamoja kwa mbali, mtazame kundi likipanda mtini kulala.