Vumbi Letu Si Uwanja wa Michezo

Kuna lalamiko moja linalonikera kila ninapolisikia: eti lami imeiharibu njia ya Ziwa Kivu. Wanaolalamika ni wapenzi wa baiskeli za changarawe, zile zenye usukani uliopinda kama wa baiskeli za mashindano lakini matairi mapana yanayohimili mawe na vumbi. Wengi wao ni wageni, ingawa siku hizi hata vijana wenzetu wa Kigali wenye uwezo wameanza kuimba wimbo huohuo. Wanataka barabara zetu zibaki za udongo ili wao wapate ladha ya safari. Mimi nasema barabara ya vumbi ya Rwanda ni ya mkulima kwanza. Mwendesha baiskeli wa starehe ni mgeni wake, na njia yoyote ya utalii haina budi kuchorwa kwa kuheshimu mpangilio huo.

Tuitazame hiyo njia inayoliliwa. Njia ya Congo-Nile ina urefu wa kilomita 227, kutoka Rubavu hadi Rusizi, ikipita Rutsiro, Karongi na Nyamasheke. Inapanda na kushuka kando ya ziwa, katikati ya migomba, kahawa na chai. Ni nzuri, sikatai. Lakini sehemu kubwa yake haikuchongwa kwa ajili ya mtalii. Ni barabara za vijiji zilizounganishwa: hii ya kupeleka kahawa kituo cha kuoshea, ile ya kumfikisha mgonjwa zahanati, nyingine ya watoto kwenda shule. Kibao cha utalii kilisimikwa baadaye. Ilipokuja barabara ya lami kuiunganisha miji hiyohiyo, aliyekuja na baiskeli ya likizo aliona amepokonywa kitu. Mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku wa mvua aliona amepewa kitu. Kati ya hao wawili, nani asikilizwe kwanza? Nashangaa swali hili linahitaji kuulizwa.

Tena tusisahau ni nani anayeitunza barabara ya udongo. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanakijiji hutoka na majembe kwa ajili ya umuganda: wanazibua mitaro, wanafukia mashimo, wanaondoa udongo ulioporomoka. Tangu 2008 mpango wa VUP umezilipa kaya maskini zifanye kazi za umma, na barabara za vijijini ni mojawapo ya kazi hizo. Mgeni anaposema kwa furaha kwamba amepata barabara isiyoguswa na mtu, anasema uongo bila kujua. Imeguswa na mikono mingi, kwa jasho ambalo yeye hakulitoa.

Na udongo huo si pambo. Mwezi Mei 2023 mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130 katika nchi hii, hasa Mkoa wa Magharibi, mkoa huohuo inamopita njia ya Congo-Nile. Mlima unaompa mgeni picha ya kupendeza ndio unaomnyima mwenyeji usingizi mvua inaponyesha. Anayetaka tubaki na barabara za udongo kwa ajili ya uzuri aje azisifie Aprili, akiwa amebeba gunia la viazi.

Maana ziko baiskeli nyingine katika barabara hizo, na hizo ndizo nyingi. Iko ya abanyonzi, ya chuma, isiyo na gia, yenye abiria au madumu ya maziwa nyuma. Iko igicugutu ya mbao, ambayo mkulima huishuka nayo mlimani ikiwa na mzigo, kisha huipandisha kwa kuisukuma. Hawa wanaendesha kwenye changarawe maisha yao yote, lakini hakuna anayewaita wanamichezo. Huku Kigali mnyonzi amewekewa mipaka: barabara kuu nyingi haruhusiwi kufanyia kazi, na giza likiingia anatakiwa awe amekwisha kuegesha. Sababu za usalama zipo na sizibezi. Lakini Septemba 2025 tulifunga barabara na shule kwa wiki nzima ili kupokea Mashindano ya Dunia ya Baiskeli, ya kwanza kufanyika Afrika. Nilijivunia kama kila mtu. Kama nchi inaweza kuipisha baiskeli ya Pogačar kwa siku nane, inaweza kumtafutia mnyonzi ukanda wa kupita kwa mwaka mzima.

Wapo watakaonijibu kwa mfano wa Italia. Watasema kule Toscana barabara nyeupe za changarawe ziliokolewa na baiskeli: msafara wa L'Eroica ulianza 1997 kwa nia ya kuzilinda zisimezwe na lami, na mwaka 2007 yakafuata mashindano ambayo leo yanaitwa Strade Bianche. Mfano ni wa kweli, ila haufanani na hali yetu. Mkulima wa Toscana ana gari, na barabara ya lami haiko mbali naye. Changarawe kwake ni urithi anaochagua kuutunza. Kwa mtu wa Rutsiro changarawe mara nyingi ndiyo barabara pekee aliyo nayo. Huwezi kumwomba mtu alinde kama kumbukumbu kitu ambacho bado ni shida yake ya kila siku.

Wengine watasema utalii wa baiskeli unaleta fedha. Unaleta, lakini zinatua wapi? Mgeni anakuja na baiskeli yake, chakula chake cha pakiti na ramani ndani ya simu, analala kwenye hoteli ya ufukweni, kisha anaondoka. Kijiji kilichochimba mtaro kinabaki na salamu za watoto aliowapiga picha.

Kama tunataka mfano wa Ulaya, mimi nachagua Bretagne, magharibi ya Ufaransa. Kule kuna mashindano yanayoitwa Tro-Bro Léon, yaliyoanzishwa 1984 na Jean-Paul Mellouët. Hupita kwenye vijia vya mashambani ambavyo Wabretoni huviita ribinoù, na yalianzishwa ili kuchangia shule za Diwan, ambako watoto husomeshwa kwa Kibretoni. Mchezaji wa kwanza mzaliwa wa Bretagne hupewa zawadi ya kitoto cha nguruwe. Leo ni mashindano ya kimataifa, na waandishi wa michezo wa kila lugha hulitamka neno ribinoù. Mgeni anakanyaga vumbi la watu, na vumbi hilo linailisha lugha ya wenyewe.

Sisi tumefanya kinyume. Mpando maarufu wa mawe wa Kigali wenyeji wanauita Kwa Mutwe. Dunia nzima imefundishwa kuuita Mur de Kigali. Hapa, wenzangu wa Kiswahili, nasi tuna deni. Njia ya Congo-Nile inaanzia Rubavu, jirani ya Goma, na kuishia Rusizi, jirani ya Bukavu. Ncha zake zote mbili ni masoko ambako Kiswahili kinasikika kila siku. Maelezo ya njia hiyo yanasomwa zaidi kwa Kiingereza na Kifaransa. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya nchi hii tangu 2017. Je, urasmi wake uishie kwenye mitihani yetu?

Basi ninachodai ni mambo matatu. Kwanza, njia zichorwe pamoja na wanaozitumia, na hakuna barabara inayonyimwa lami kwa sababu mtalii anapenda vumbi. Pili, kila mashindano au msafara wa kulipiwa unaopita vijijini utenge sehemu ya ada kwa ajili ya mitaro, madaraja na shule za huko, na vituo vya chakula na vya ufundi wa baiskeli viwe vya wenyeji. Tatu, majina ya mahali na maelezo ya njia yaandikwe kwa Kinyarwanda na Kiswahili kabla ya lugha nyingine yoyote. Kazi hii ya tatu sisi wanafunzi tunaweza kuianza muhula huu bila kumsubiri waziri.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji abaki kwenye matope ili mgeni apate picha.