Kuchuma si Kuzika Ujana

Wazee wetu walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Wakasema pia kwamba mchumia juani hulia kivulini. Vijana wengi hushika methali moja wakaitupa ya pili, na hapo ndipo matata yanapoanzia.

Mimi hupita Kitui na Makueni mara kwa mara kutafuta ndengu na maembe ya kuleta Kongowea. Huko nimeonana na vijana wa aina mbili. Wa kwanza amefungua duka angali na miaka ishirini. Halali, hacheki, harusi ya rafikiye haendi. Wa pili huuza maembe yangali maua mtini. Humwachia dalali kwa bei ya kutupa, apate fedha za anasa za wiki moja. Mavuno yakifika, dalali ahesabu noti, naye mwenye shamba ni mtazamaji.

Watu humsifu wa kwanza na kumlaumu wa pili. Mimi nasema wote wawili wamepotea njia.

Nchi yenyewe ya Ukambani yatosha kuwa mwalimu. Mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ndengu hukomaa kwa miezi miwili au mitatu, na maembe huiva kwa wingi tangu Desemba hadi Machi. Miezi ya mavuno kijana hana budi kujifunga kibwebwe: avune, apime, asafirishe. Msimu ukiisha, kukesha hakuongezi hata embe moja mtini. Basi kwa nini wakati huo asicheze mpira, asitembee, asikae na wenzake?

Wala hili si geni. Karne ya 19 Wakamba walileta misafara ya pembe hadi Mombasa. Kivoi wa Kitui, aliyempokea Krapf mwaka wa 1849, alikuwa bingwa wa biashara hiyo. Na ni Wakamba hao hao waliosifika kwa ngoma, vijana wakiruka na kupinduka hewani. Biashara haikuua ngoma, wala ngoma haikuua biashara.

Subira nayo ina malipo. Mwaka wa 2017 kaunti ya Makueni ilifungua kiwanda cha kusindika maembe pale Kalamba, ili mkulima asiwe na dalali peke yake. Lakini aliyekwisha kuuza maua atapeleka nini kiwandani?

Shauri langu ni hili: mtaji uwe na mfuko wake, matumizi ya nyumbani mfuko wake, na starehe mfuko wake. Starehe itoke katika faida, isiguse mtaji kamwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na akishatenga fungu hilo, kijana alitumie bila kuona haya, maadamu ni katika halali.

Nanyi wazazi, wa bara na wa pwani, neno moja. Kijana akianza kauza kake, msimtwike siku ile ile karo za wadogo zake, madeni ya baba na posa ya kaka. Kibanda kinachobebeshwa ukoo mzima huanguka, na ujana wa mwenyewe ukafukiwa chini yake. Mwacheni biashara ikue miguu kwanza. Akiwa na furaha leo, kesho atawafaa zaidi.